Nani kasema Haiti imelaaniwa?

Jioni moja baada ya swala ya Magharibi nilikuwa nimesimama dukani hapa Kisauni nikingoja chenji yangu, mama mmoja jirani yetu akanishika mkono na kunivuta pembeni. Ni mama wa makamo, Mgiriama, Mwanglikana wa tangu utotoni. Mwanawe ni polisi, na ni mmoja wa wale waliopelekwa Haiti.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unayeandika magazetini, hebu niambie ukweli. Huko Haiti wanamjua Mungu?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza hivyo. Akasema kuna mhubiri alikuja mtaani na vipaza sauti, akahubiri kwamba nchi ile ilifunga mkataba na shetani, ndiyo maana haipati amani, na kwamba vijana wetu wamepelekwa kwenye ardhi iliyolaaniwa. Tangu siku hiyo mama hapati usingizi. Risasi anazielewa, mwanawe alifunzwa kukabiliana nazo. Laana ndiyo inayomtisha, kwa sababu hakuna chuo cha polisi kinachofundisha kuikwepa laana.

Nilimjibu kwa ufupi, maana duka lilikuwa na watu. Lakini swali lake sikulala nalo vizuri. Mimi ni Muislamu, sina cheo chochote kanisani wala msikitini, na elimu yangu ni diploma ya maendeleo ya jamii. Hata hivyo nimekuwa nikiifuatilia Haiti tangu Rais William Ruto atangaze mwaka 2023 kwamba Kenya itaongoza kikosi cha kwenda kupambana na magenge. Leo nataka kumjibu mama huyu hadharani, kwa sababu najua si yeye peke yake aliyeambiwa maneno hayo.

Jibu fupi ni hili: Haiti ni mojawapo ya nchi zilizohubiriwa Ukristo kwa muda mrefu zaidi katika bara zima la Amerika. Wanamjua Mungu. Swali gumu ni nani aliwapelekea habari zake, na alikuwa amebeba nini katika mkono wa pili.

Msalaba na mnyororo

Christopher Columbus alitia nanga kwenye kisiwa kile Desemba 1492, zaidi kidogo ya miaka mitano kabla Vasco da Gama hajafika Malindi. Bandari ya kwanza aliyofikia aliipa jina la Mtakatifu Nikolasi kwa sababu ilikuwa siku yake katika kalenda ya kanisa. Ngome ya kwanza ya Wahispania, iliyojengwa kwa mbao za meli iliyovunjika usiku wa Krismasi, iliitwa La Navidad, yaani Krismasi yenyewe. Wenyeji wa kisiwa, Wataino, walifanyishwa kazi za dhahabu na mashamba hadi wakakaribia kwisha kabisa kwa magonjwa, njaa na kazi ya kulazimishwa. Hayo yote yalifanyika katika miongo michache tu.

Tuwe waadilifu. Si kila aliyevaa kanzu ya kanisa alinyamaza. Mwaka 1511 padri Mdominiko, Antonio de Montesinos, alisimama kwenye mimbari ya Santo Domingo, upande wa pili wa kisiwa hichohicho, akawakemea Wahispania wenzake waziwazi kwa jinsi walivyowatesa Wataino. Mmoja wa walowezi wa wakati huo, Bartolomé de las Casas, baadaye aliacha watumwa wake na akatumia maisha yake kuwatetea wenyeji. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na Ukristo wa aina mbili katika kisiwa kimoja: wa mwenye shamba, na wa anayemuuliza mwenye shamba maswali.

Wafaransa walipata rasmi upande wa magharibi mwaka 1697, wakauita Saint-Domingue. Walileta watu kutoka Afrika kwa maelfu hadi, kufikia mwisho wa miaka ya 1780, watumwa walikuwa karibu nusu milioni, wakilima miwa na kahawa iliyotajirisha miji ya Ufaransa. Sheria ya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1685, iliyoitwa Code Noir, iliamuru kila mtumwa abatizwe na afundishwe dini ya Kikatoliki. Sheria hiyohiyo iliruhusu mtumwa anayetoroka akatwe masikio, na akirudia apewe adhabu kali zaidi hadi kifo. Ubatizo na adhabu vikawekwa katika karatasi moja.

Miongoni mwa watu hao walikuwamo Waislamu kutoka Afrika Magharibi. Wapo wenzetu wanaopenda kusema kwamba Boukman, mmoja wa viongozi wa maasi, alikuwa Muislamu. Mimi nasema jambo hilo linajadiliwa na ushahidi wake ni mchache, basi tusilitie chumvi kwa sababu linatupendeza. Linalojulikana ni kwamba Agosti 1791 watumwa walikutana usiku katika msitu wa Bois Caïman, wakala kiapo kwa ibada ya vudu, dini waliyoijenga kutokana na imani za mababu zao wa Dahomey, Kongo na kwingineko, ikachanganyika na watakatifu wa Kikatoliki. Siku chache baadaye mashamba ya kaskazini yaliwaka moto.

Ule usiku wa Bois Caïman ndio wahubiri wengine wanaouita mkataba na shetani. Mhubiri wa televisheni wa Marekani, Pat Robertson, aliusema uvumi huo mbele ya dunia Januari 2010, siku moja tu baada ya tetemeko la ardhi, watu wakiwa bado wamefukiwa chini ya vifusi. Mhubiri wa mtaa wetu hakuuanzisha yeye. Aliurithi.

Sasa nauliza, kama mtu anayemuamini Mola mmoja na asiye na uhusiano wowote na vudu: mtu aliyefungwa mnyororo na waliobatizwa, akapigwa mijeledi na waliobatizwa, akaomba kwa njia ya babu zake apate kuwa huru, huyo ndiye aliyefunga mkataba na shetani? Na yule aliyemuuza je, mkataba wake aliufunga na nani?

Nchi huru iliyotengwa

Wahaiti walilishinda jeshi la Napoleon huko Vertières Novemba 1803, na tarehe 1 Januari 1804 Jean-Jacques Dessalines akatangaza uhuru. Hiyo ndiyo nchi ya kwanza duniani kuzaliwa kutokana na maasi ya watumwa yaliyofaulu. Kiongozi aliyewatangulia, Toussaint Louverture, alikuwa Mkatoliki wa dhati, na katiba yake ya mwaka 1801 iliufanya Ukatoliki kuwa dini rasmi. Dessalines akaja na msimamo mwingine: katiba ya mwaka 1805 haikukubali dini yoyote itawale nyingine.

Dunia ilijibu kwa kuwatenga. Marekani haikuitambua Haiti hadi mwaka 1862. Ufaransa iliitambua mwaka 1825, lakini kwa masharti ya manowari: Haiti ilipe faranga milioni 150 kama fidia kwa waliopoteza mashamba na watumwa. Kiasi hicho kilipunguzwa baadaye kuwa milioni 90, na hata hivyo malipo na mikopo iliyokopwa kwa ajili yake haikumalizika hadi mwaka 1947. Msomaji, lisome tena jambo hilo polepole. Aliyekuwa mtumwa alimlipa fidia aliyemtumikisha.

Vatican nayo haikuwa na makubaliano na Haiti kwa zaidi ya miaka 50. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1860 tu, wakati wa Rais Fabre Geffrard. Katika kipindi hicho kirefu Wahaiti hawakuacha kusali. Walijiombea, walijibatizia, walichanganya walichokuwa nacho na walichokumbuka. Mapadri Wafaransa walipofika baada ya 1860, wengi wao kutoka Bretagne, walijenga shule nzuri na hospitali, lakini walikuta watu ambao tayari walikuwa na imani yao, wakaiona kama uchafu wa kufagiliwa.

Ufagio mkubwa ulipita mwaka 1941 na 1942, wakati kanisa, likisaidiwa na serikali ya Rais Élie Lescot, lilipoendesha kampeni dhidi ya kile lilichokiita ushirikina. Ngoma zilichomwa, maeneo ya ibada yalivunjwa, miti iliyoheshimiwa ilikatwa, na waumini wakalazimishwa kuapa kwamba wameikana vudu. Matokeo yake? Vudu haikufa. Ilijificha, ikangoja. Katiba ya mwaka 1987 ikaondoa sheria zilizoiharamisha, na mwaka 2003 serikali ikaitambua rasmi kuwa dini.

Waliobaki walikuwa wenyewe

Waprotestanti wana historia yao, na kwangu mimi ndiyo yenye somo kubwa kuhusu misheni. Mwaka 1817 Rais Alexandre Pétion aliwapokea Wamethodisti wawili kutoka Uingereza. Baada ya muda mfupi walilazimika kuondoka kwa uhasama wa watu. Ilitarajiwa kwamba kazi yao ingekufa. Haikufa, kwa sababu waumini Wahaiti waliendelea kukutana na kuongozana wenyewe.

Mwaka 1861 akaja mtu mwingine, James Theodore Holly, padri mweusi wa Kanisa la Episkopo la Marekani. Hakuja kama mgeni wa miaka miwili. Alihama na watu wapatao 110, weusi wenzake waliochoka na ubaguzi wa Marekani, kwa imani kwamba nchi ya watu weusi walio huru ndiyo mahali pao. Mwaka wa kwanza homa iliwaua wengi. Holly alimzika mama yake, mkewe na watoto wake wawili. Angerudi, nani angemlaumu? Alibaki. Mwaka 1874 akawa askofu wa kwanza mweusi katika kanisa lake, na alifariki hukohuko Haiti mwaka 1911.

Baada ya Wamarekani kuitawala Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, na hasa baada ya miaka ya 1950, Wabaptisti, Waadventista na Wapentekosti waliongezeka kwa kasi. Leo makadirio mengi yanaonyesha Wakatoliki ni karibu nusu ya watu au zaidi kidogo, na Waprotestanti wanakaribia theluthi moja au kuipita, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 11. Vudu imepita ndani ya makundi yote hayo, maana wengi huwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Waislamu ni wachache mno.

Kanisa Katoliki nalo lilibadilika. Papa Yohane Paulo wa Pili alipozuru Machi 1983 alisema mbele ya Jean-Claude Duvalier kwamba mambo lazima yabadilike. Redio ya kanisa, Radio Soleil, ikawa inasema na watu kwa Krioli, lugha yao, si Kifaransa cha wakubwa. Vikundi vidogo vya waumini vilivyoitwa ti legliz, yaani kanisa dogo, vikafundisha watu kusoma na kudai haki. Februari 1986 Duvalier akatoroka. Padri aliyetoka katika vuguvugu hilo, Jean-Bertrand Aristide, aliponea chupuchupu kanisa lake liliposhambuliwa Septemba 1988 wakati wa misa na waumini kuuawa. Desemba 1990 alichaguliwa kuwa rais. Utawala wake ulipinduliwa, akarudishwa, akaondolewa tena, na hukumu juu yake naiachia Wahaiti. Ninachosema ni kwamba hapo ndipo injili ilipokoma kuwa mali ya mgeni.

Misheni ya leo

Neno "misheni" tunalitumia kwa mambo mawili. Polisi wetu wako kwenye misheni, na wahubiri wako kwenye misheni. Haiti imepokea za aina zote mbili kwa wingi, na zote zimeacha mema na makovu.

Shule nyingi za Haiti, karibu nne kwa kila tano, si za serikali, na makanisa yanaendesha sehemu kubwa yake. Ukiyaondoa makanisa leo, mamilioni ya watoto watakuwa nje ya darasa kesho asubuhi. Lakini pia Haiti ndiko Wamarekani 10 wa kundi la Kibaptisti walikokamatwa mwaka 2010 wakijaribu kuvusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila idhini, wakiwaita yatima, kumbe wengi wao walikuwa na wazazi. Sisi wa Pwani tunaielewa hadithi hii. Tumeona nyumba za watoto zikifunguliwa karibu na fukwe, mabango yenye picha za watoto wetu, wafadhili wanakuja Desemba wakipiga picha, na bibi wa mtoto yuko Ganze hajui mjukuu wake ametangazwa yatima.

Na misheni ya amani je? Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa waliingiza kipindupindu Haiti Oktoba 2010, kupitia maji taka ya kambi moja yaliyomwagika mtoni. Karibu watu 10,000 walikufa. Umoja wa Mataifa haukuomba radhi kwa Wahaiti hadi Desemba 2016. Kwa hiyo Mhaiti akimwona mgeni mwenye sare na bunduki, au mgeni mwenye Biblia na begi la nguo kuukuu, ana sababu ya kumtazama mara mbili.

Kenya iliingia katika historia hiyo ndefu Juni 2024, maafisa wa kwanza waliposhuka Port-au-Prince. Mwezi mmoja kabla, tarehe 23 Mei, Rais Ruto alikuwa Ikulu ya Washington pamoja na Rais Joe Biden, Haiti ikiwa miongoni mwa ajenda. Jioni ya siku hiyohiyo, wanandoa vijana wamisionari kutoka Marekani na mkurugenzi Mhaiti wa shirika lao waliuawa na genge Port-au-Prince baada ya shughuli za vijana kanisani. Mama Rachel Ruto naye alikuwa ametangaza kuunda kundi la maombi kwa ajili ya Haiti na maafisa wetu. Kwa maneno mengine, tulipeleka polisi na maombi kwa pamoja.

Maombi ni kitu kizuri, na mimi ni wa mwisho kumkataza mtu dua. Lakini maombi hayalipi mshahara unaochelewa, wala hayanunui gari la deraya. Kikosi kilichokusudiwa kuwa na watu 2,500 hakikupata hata nusu yake. Maafisa watatu wa Kenya wamepoteza maisha. Mmoja wao alitoweka Machi 2025 katika shambulio la kuvizia, na familia yake ilikaa miezi ikisubiri neno la uhakika. Septemba 30, 2025 Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi kipya kikubwa zaidi kichukue nafasi ya kile kilichoongozwa na Kenya. Wakati huohuo zaidi ya Wahaiti milioni 1.3 walikuwa wamehama makwao, na mwaka 2024 pekee zaidi ya watu 5,600 waliuawa kwa ghasia za magenge.

Magenge hayachagui dini. Mwaka 2021 genge la 400 Mawozo liliteka mapadri na masista, kisha Oktoba likawateka watu 17 wa shirika la Kikristo kutoka Amerika Kaskazini, wakiwemo watoto. Masista wawili waliuawa Mirebalais mwishoni mwa Machi 2025. Agosti mwaka huo mmisionari kutoka Ireland alitekwa pamoja na wenzake na mtoto wa miaka mitatu kutoka nyumba ya watoto huko Kenscoff, wakaachiliwa mwisho wa mwezi.

Yanayofanana na ya kwetu

Kuna matukio mawili ya Haiti ambayo kila mtu wa Kilifi na Mombasa anapaswa kuyajua.

La kwanza ni la Agosti 2023. Katika eneo la Canaan, pembezoni mwa Port-au-Prince, mchungaji mmoja aliwaongoza waumini wake kuandamana dhidi ya genge wakiwa na mapanga na fimbo, kwa imani kwamba wangelindwa. Genge liliwamiminia risasi za bunduki za kivita. Watu wasiopungua saba walikufa. Nilipoiona habari ile nilikumbuka Shakahola, ambako miezi minne kabla tulikuwa tumeanza kufukua miili, zaidi ya 400 kwa jumla, ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe. Mahali ni tofauti na njia ni tofauti, lakini ugonjwa ni mmoja: muumini aliyefundishwa kwamba kumuuliza kiongozi wake swali ni kumkosea Mungu.

La pili ni la Desemba 2024, katika mtaa maskini wa Cité Soleil, eneo la Wharf Jérémie. Mtoto wa kiongozi wa genge aliugua, akaambiwa wazee wa mtaa wamemroga. Watu wake wakawasaka wazee nyumbani na mahali pa ibada. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 200 waliouawa, wengi wao wazee.

Mama jirani yangu ni Mgiriama. Anajua maana ya mzee mwenye mvi kuitwa mchawi na vijana wanaomtazamia shamba lake. Sisi pia tumezika wazee kwa tuhuma hizo, tena wauaji wengine walikuwa wakienda kanisani na wengine msikitini. Basi tukisema Haiti imelaaniwa kwa sababu ya yale ya Wharf Jérémie, tuseme na Kilifi imelaaniwa. Mimi sisemi hivyo juu ya yoyote kati yao. Nasema kuna umaskini, kuna tamaa ya ardhi au madaraka, kuna ugonjwa usio na hospitali, na kuna watu wanaozigeuza hofu hizo kuwa silaha.

Na tusijitie hamnazo sisi Waislamu wa Pwani. Ni rahisi kuwanyooshea kidole Wakristo wa Code Noir. Mashamba ya nafaka ya Malindi na minazi ya Mombasa yalilimwa na watumwa, na wenye mashamba walikuwa wakiswali swala tano. Misheni za Rabai na Freretown zilipata wengi wa waumini wao wa kwanza miongoni mwa watumwa walioachiliwa au kutoroka, na baadhi yao walitoroka kwa babu zetu. Katika Haiti msalaba ulikuja na mwenye mnyororo, hapa kengele ya Freretown ilikuja na aliyeukata. Dini moja, mikono tofauti. Hilo linanifundisha nisimhukumu Mungu wa mtu kwa matendo ya tajiri wake.

Kesho yake

Je, mustakabali wa misheni ya Kikristo Haiti ni upi? Naliona hivi kwa jicho la mtu wa nje.

Zama za mgeni kushuka kutoka ndege na kikundi cha vijana, wakapaka rangi ukuta wa shule kwa wiki moja na kurudi kwao, zimefungwa na bunduki, angalau katika Port-au-Prince. Mashirika mengi ya kigeni yamewaondoa watu wao. Waliobaki ni mapadri, wachungaji, masista na walimu Wahaiti, pamoja na wageni wachache waliokaa miaka mingi hadi wakawa wenyeji. Makanisa na shule zimegeuka makao ya wakimbizi. Hata lilipoundwa baraza la mpito la kuongoza nchi mwaka 2024, jamii ya dini ilipewa kiti cha uangalizi. Na kule nje, Miami, Brooklyn na Montreal, makanisa ya Wahaiti yamejaa, na pesa na wahubiri wanatoka huko kurudi nyumbani. Aliyekuwa akihubiriwa sasa ndiye mhubiri.

Mimi sishangai. Ni kilekile kilichotokea 1817 Wamethodisti walipoondoka, na kilekile cha Holly aliyebaki na makaburi yake. Kinachodumu ni kile ambacho watu wenyewe wamekishika. Mtihani uliobaki kwa makanisa yale ni mgumu: kama yataweza kuishi na jirani wa vudu bila kumchomea ngoma yake, na kama yatakataa pesa za wanasiasa na matajiri ambao kwa miaka mingi ndio waliolea magenge. Yakishindwa katika hayo, hata yakijaa kila Jumapili, kijana wa Cité Soleil ataendelea kuona bunduki ina majibu ya haraka kuliko Biblia.

Kwa upande wetu nina maombi matatu. Serikali iwaeleze wazazi na wake wa maafisa wetu ukweli kwa wakati, mzuri na mbaya. Mama hapaswi kusikia habari za mwanawe kwa mhubiri wa barabarani. Pili, wachungaji wetu, na maimamu wetu pia, waache kuiita nchi ya watu maskini nchi ya shetani. Maneno hayo yana historia, na historia yake ni ya kuhalalisha utumwa. Tatu, vijana wetu wakirudi, tuwaulize walichojifunza huko, tusiwaulize tu walipigana na nani.

Nilirudi kwa mama jirani siku mbili baadaye, nikamweleza mengi ya haya kwa lugha nyepesi, tumekaa kwenye ngazi ya nyumba yake akipepeta mchele. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwa Holly na wale watoto wake wawili aliacha kupepeta.

"Kumbe wamefiwa hivyo," akasema. Kisha akauliza, "Na makanisa yao hayo yana kina mama kama sisi?"

Nikamwambia yana kina mama wengi kuliko wanaume, kama makanisa yote.

"Basi mhubiri yule alitudanganya," akasema, akaendelea na mchele wake. "Jumapili nitamuombea mwanangu. Na hao nao nitawaombea, maana watoto wao hawana hata sare."